Ekzosi Mpya ya Springi

Springi alikuwa fundi wa viti, na mtaa mzima hakuna aliyeyajua makalio ya watu kama yeye. Mpelekee kochi lililobonyea, atalizunguka mara moja, atalibonyeza kwa kiganja, kisha atakwambia mwenye kulikalia ni mnene au mwembamba, anaegemea kulia au kushoto, na kama nyumbani kwake kuna amani. Kibanda chake kilinuka gundi na sponji mpya. Jina la Springi alipewa humo humo kibandani, likakaa, hata majirani wakasahau kwamba ana jingine. Mkewe peke yake hakulitumia. Yeye alimwita Baba, na akikasirika alimwita Bwana Mkubwa.

Mkewe huyo, Bi Mwalimu, alifundisha watoto wa chekechea na alijaliwa sauti. Simaanishi kelele, maana kelele kila mtu anazo. Yake ilikuwa sauti iliyonyooka, inayovuka uwanja wa shule na kumkamata mtoto aliyepanda ukuta hata akashuka mwenyewe, polepole, akiomba radhi.

Na walikuwa na pikipiki. Msije mkafikiria hizi za kubebea abiria mitaani, jamani. Hili lilikuwa dude, refu, pana, lililoundwa kwa safari za mbali, lenye masanduku mawili ubavuni, jingine kubwa nyuma, na kioo cha kuzuia upepo mbele. Springi alilinunua bovu, akaliuguza miaka mingi mpaka likapona. Kiti cha nyuma alikitengeneza kwa mkono wake: sponji tabaka juu ya tabaka, egemeo la mgongo, vishikio viwili vilivyovishwa ngozi. Bi Mwalimu alikaa pale kama mgeni rasmi. Hakumshika mumewe kiunoni kama wanawake wengine. Vishikio anavyo, ya nini kung'ang'ania mtu?

Humo barabarani ndimo walimozungumzia mambo yao yote. Nyumbani hakukuwa na nafasi. Ukifungua mdomo, mteja anabisha hodi na godoro kichwani. Ukiufunga, jirani anakuja kuomba ngazi. Lakini wakishapanda pikipiki, mwendo wa taratibu, injini inanong'ona, Bi Mwalimu alianza habari moja mwanzo wa lami na kuimalizia wanakokwenda. Springi alisikiliza akiwa ametazama mbele, akitia "ehee" na "lo!" panapostahili. Hakuna raha aliyoipenda kama hiyo, ila hakuwahi kuisema. Angeisemea wapi? Mwanamume wa aina yake akipenda kitu hukitia mafuta tu.

Walikuwa pia na ishara yao ya kuondoka. Bi Mwalimu akishajiweka sawa kitini, aligonga sanduku la ubavuni kwa pete yake: ko, ko. Maana yake nimekaa, twende. Basi Springi haoni haja ya kugeuka, na shingo yake siku hizi haikuwa ikigeuka kwa hiari.

Shetani akaingia siku ya Jumapili. Springi alikuwa na wenzake wa pikipiki kubwa waliokutana kunywa chai kando ya barabara kuu na kusifiana vyombo. Siku hiyo alifika, akaegesha, akavua helmeti, akakaa, na hakuna aliyeinua kichwa. Mwuza nyama, mwenye pikipiki ya kutikisa vioo vya madirisha, ndiye aliyemwona kwanza.

"Ala! Springi, umefika saa ngapi? Mbona hatukukusikia?"

"Nimefika sasa hivi, mbele ya macho yenu."

"Basi mimi nilidhani kuna mtu kawasha jokofu," akasema mwuza nyama, na watu wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Springi alicheka nao, meno nje, roho inachoma. Kilichomuumiza ni kwamba juzi yake tu mtu mmoja mwenye upara unaong'aa, mtu mzima na kitambi chake, aliingia kibandani na kumwamkia "Shikamoo, mzee." Springi akaitikia marahaba huku akitafuta huyo mzee yuko wapi. Sasa na hili la jokofu? Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Fundi Sikio.

Fundi Sikio aliitwa hivyo kwa sababu alirekebisha injini kwa kusikiliza. Vipimo vya mashine aliviita michezo ya watoto. Alichomeka bisibisi kwenye injini, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho kama anayepokea simu ya mbali. Tabu ni kwamba miaka ya kukaa karibu na mabomba ilikuwa imeshamla sikio lenyewe. Alisikia bisibisi tu. Binadamu ilibidi ampigie kelele.

Aliling'oa bomba la zamani la moshi, yaani ekzosi, lenye tumbo kubwa la kunyamazisha, akafunga jipya, fupi, linalong'aa, mdomo wazi kama tarumbeta. Akaeleza, na hapo alisema la kweli: bomba likiwa wazi, moshi unatoka kwa kasi na injini inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo kabureta nayo lazima itoe petroli zaidi, la sivyo hewa inazidi mafuta, na injini inapata joto na kukohoa. Akageuza skrubu huku, akageuza kule, akasikiliza bisibisi.

"Bado inakohoa!" Springi akapiga kelele.

"Eti?"

"Inakohoa! Inafanya ko, ko!"

"Ndiyo, iko poa," akasema Fundi Sikio, akifuta mikono. "Ila mpaka izoee, usiizime ikiwa ya moto. Itanuna kuwaka."

Kwa nini Springi alikubali? Kwa sababu alishaijaribu. Alitoka pale uani, akavuta mafuta, na mtaa mzima ukageuka. Mama mmoja akaangusha ndoo. Mzee aliyelala kibarazani akasimama wima akiwa bado usingizini. Springi akajiona ana miaka ishirini, na mtu wa miaka ishirini hadaiwi maelezo kuhusu kabureta.

Bi Mwalimu alilipokea bomba hilo mlangoni, mikono kiunoni. Midomo yake ikacheza. Springi akatikisa kichwa kukubali. Midomo ikacheza tena, kwa ukali zaidi, naye akakubali tena.

Siku hiyo hiyo jioni walikwenda sokoni. Njia nzima Springi alisikia sauti ya mkewe kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na kila ilipopanda akajibu "Ehee!" Walipofika, Bi Mwalimu alishuka, akamtazama usoni.

"Nimekwambia nini?"

Springi akafikiri haraka haraka. "Umesema... inavuta vizuri."

"Nimesema binti yetu amejifungua. Mtoto wa kiume. Mama na mtoto wazima. Nimepokea simu mchana, nikajizuia nisikwambie hovyo hovyo, nikasema ngoja tupande, nimwambie tukiwa wawili. Nimekwambia umekuwa babu, Bwana Mkubwa, ukanijibu ehee kama nimekutajia bei ya vitunguu!"

Springi alitaka ardhi ipasuke immeze. Alimkumbatia mkewe pale pale katikati ya matenga ya nyanya, akacheka, akalia kidogo, akasema jamani, jamani. Lakini habari njema huwa ina mlango mmoja wa kuingilia, naye alikuwa ameshaubamiza. Bi Mwalimu alimwacha akumbatie, kisha akakata maneno.

"Wiki ijayo tunakwenda kumwona mtoto. Nitapanda, kwa sababu safari hii tulishaahidiana. Lakini sauti yangu inanyamazisha darasa zima, siwezi kushindana na bomba mpaka nizeeke. Tukifika huko nami nimeongea peke yangu njia nzima, hapo nyuma sipandi tena. Utabeba sponji zako."

Springi alimjua mkewe. Hatishi. Akisema hivyo, ameshasema. Lakini kuling'oa bomba kulimshinda. Kila jioni aliinama na bisibisi, akaligusa, akakumbuka jokofu, akasimama. Akajipa moyo kwamba barabara kuu ina upepo, upepo utaimeza kelele. Mtu akitaka kujidanganya hakosi zana.

Siku ya safari ilifika. Masanduku yakajazwa nguo za mtoto, shuka, sabuni, na mkoba wa Bi Mwalimu wenye simu yake na kila kitu chake. Ko, ko, ikagonga pete, wakaondoka. Mwanzoni Bi Mwalimu alijitahidi. Alianza habari ya mwalimu mkuu na funguo za stoo. Springi akadaka "mwalimu" na "stoo", yaliyobaki yakaenda na moshi. Bi Mwalimu akairudia. Akaikata nusu. Baadaye akanyamaza kabisa, na Springi akauhisi huo ukimya mgongoni, mzito kuliko mizigo yote.

Wakaingia kituo cha mafuta. Hapo kuzima ni lazima, akazima. Wakati anajaziwa, Bi Mwalimu alikwenda msalani, akarudi, akapanda bila kusema kitu. Springi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Injini ikazunguka, ikanuna. Akabonyeza tena. Ikanuna. Jasho likamtoka, betri ikaanza kulegea, na wahudumu wa kituo walikuwa wamekusanyika kutoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Mara ikashika! Ikanguruma, ikataka kufa, Springi akaipa mafuta, akaibembeleza kwa mkono wa kulia kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa, macho yote kwenye mshale wa mizunguko ya injini, hathubutu hata kupumua.

Na hapo hapo Bi Mwalimu akakumbuka kwamba ameacha miwani yake msalani, juu ya sinki. "Nisubiri, nafuata miwani!" akamwambia mumewe sikioni. Springi, aliyesikia mngurumo tu, akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, inaelekea kukubali. Bi Mwalimu akashuka.

Kiti kile cha sponji tabaka juu ya tabaka hakikutoa hata mlio. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri mno.

Injini ikatulia. Springi akalegeza mkono kidogo kuijaribu. Na bomba, kwa sababu kabureta ilitoa petroli haba na hewa imezidi, likakohoa vizuri, wazi, kwa utaratibu wote:

Ko! Ko!

Akaondoka.

Wahudumu wakapunga mikono. Springi akawapungia. Wakapiga miluzi. Akasema moyoni, watu wa huku wanapenda pikipiki kweli.

Na lo, pikipiki ilivyokwenda! Springi hakuamini. Mlima ule uliokuwa ukiwapa shida kila mwaka, safari hii waliupanda bila kubadili gia. Kwenye kona iliinama kama kijana. Ilikuwa nyepesi, ina nguvu, inafyatuka! "Imezoea!" akapaza sauti. "Unaona, Mwalimu? Fundi Sikio alisema itazoea! Hii ndiyo kazi ya ekzosi!" Mtu aliyeishi kwa kuwasoma watu vitini mwao alipanda mlima mzima, kiti cha nyuma kitupu, akimsifu fundi wa mabomba.

Furaha ikamfungua mdomo. Alikuwa hajui kuanza mazungumzo, hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Lakini ukimya wa nyuma ulimtia hofu, akaona heri aseme kuliko kufika hivi hivi. Akasema. Kwanza kwa kukwamakwama, kisha yakamtoka. Aliongea kupita mashamba, kupita daraja, kupita shule ambako watoto walikimbilia uzio kumtazama mzee anayehutubia kioo cha mbele. Na Bi Mwalimu hakumkatiza! Hakumsahihisha neno hata moja! Springi akajua maneno yamemwingia.

Kwenye kizuizi cha polisi askari mmoja akanyoosha mkono. Springi akasimama, injini akaiacha inanguruma.

"Shikamoo, mzee," akasema askari, naye mwenyewe alikuwa karibu kustaafu. "Hiyo kelele ni ya nini?"

"Marahaba. Afande, hii haina kelele. Tumetoka mbali tunazungumza vizuri tu. Muulize mama watoto."

Askari akatazama nyuma ya Springi. Akamtazama Springi. Akatazama tena nyuma.

"Mama yupi?"

Springi akaigeuza shingo yake isiyogeuka. Egemeo lilikuwepo. Vishikio vilikuwepo, ngozi inang'aa juani. Mama hakuwepo.

"Ameanguka!" akapiga yowe, mikono kichwani. "Mke wangu ameanguka!" Askari akamshika bega. Ndipo askari akauona mwanga wa simu ukimulika katika mfuko wa koti lake. Alikuwa amepigiwa na kupigiwa na namba asiyoijua, na kwa bomba lile asingesikia hata kengele ya moto. Springi akapokea, kidole kimoja kimeziba sikio.

"Bwana Mkubwa," ilisema simu, ile sauti iliyonyooka, ikavuka injini na bomba na kila kitu. "Nipo kituoni. Miwani nimeipata."

Askari hakumtoza faini. Alisema mzee huyu anakokwenda tayari ana kesi kubwa zaidi.

Kurudi kulikuwa kurefu. Mlima ule ule, pikipiki ile ile, lakini wepesi wake sasa ulimchukiza. Alijua ni wepesi wa nini. Alijua pia kwamba safari bado hata haijafika nusu na tayari ameshindwa; mkewe angepanda basi, angefika kwa mjukuu, na kile kiti kingebaki cha kubebea sponji mpaka kife.

Alimkuta Bi Mwalimu kivulini, ameketi juu ya kreti la soda, wahudumu wote wa kituo wamemzunguka kama darasa. Walikuwa wameshamnunulia maji na biskuti, na wameshamhukumu Springi bila kumsikiliza. Akaegesha mbele yao. Injini hakuizima; akiizima ikanuna, itakuwaje?

"Umefika mpaka wapi?" akauliza Bi Mwalimu. Aliinuka na kusogea ili asikike.

"Mpaka kizuizini."

Wahudumu wakaguna. "Mpaka kizuizini!" wakaambiana.

"Na njia yote hiyo hukujua sipo. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nazungumza na wewe," akasema Springi.

"Nami nikawa nasema nini?"

"Ulinyamaza. Nikadhani umekubali."

Mhudumu mmoja akakaa chini kwa kicheko. Bi Mwalimu hakucheka. "Nimekubali nini?"

Springi akatazama wahudumu, akatazama vidole vyake vyenye alama za gundi. Akasema kitu.

"Sikusikii."

Akasema tena, kwa sauti zaidi. Bomba likakohoa juu yake.

"Baba," akasema Bi Mwalimu, na lilikuwa Baba, halikuwa Bwana Mkubwa. "Zima."

Springi akazima. Kimya kilichoshuka pale kilikuwa kikubwa, hata wahudumu wakaona haya kucheka. Ikabidi aseme yote tena, sasa ana uso wa mtu mbele yake, na uso ni mgumu kuliko kioo cha pikipiki.

"Nilisema naogopa. Mwaka huu wote watu wananiamkia shikamoo, hata wenye vipara. Wenzangu nikifika hawanioni. Nikadhani nikipiga kelele watu watageuka, na kweli wamegeuka, Mwalimu, wote, lakini wewe sikukusikia ulipoanza kuniambia nimekuwa babu. Nilisema pia kwamba sijawahi kupenda kitu kama wewe kuongea hapo nyuma na mimi kusikiliza. Pikipiki bila hivyo ni chuma tu. Nikasema bomba naling'oa, ila usishuke. Nikakuomba sana usishuke." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nikaona umenielewa."

Bi Mwalimu akavaa miwani yake, akamtazama vizuri, kama anayesoma maandishi madogo. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyaficha.

"Maneno yote hayo," akasema. "Miaka yote hii. Na siku unayoyasema, unakiambia kiti."

"Nimeyarudia."

"Umeyarudia. Nimesikia." Akavaa helmeti, akafunga kamba kidevuni. "Bomba litang'oka tukirudi. Sasa nipeleke nikamwone mjukuu wangu. Na hiyo ya mwalimu mkuu na funguo nitaianza upya, kwa hiyo uende polepole."

Akapanda. Springi akabonyeza kitufe. Injini ikanuna. Akabonyeza tena, betri ikatoa mlio wa mwisho, ikafa kabisa. Hapo hakuna dawa ila kusukuma. Wahudumu wakakunja mikono ya mashati, wawili wakashika masanduku, mmoja egemeo, wakajaribu. Dude halikusogea.

"Mama, samahani," akasema mkubwa wao akihema, "ungeshuka kidogo tu, tusukume, ikiwaka upande."

Bi Mwalimu akavishika vishikio vyake kwa mikono miwili.

"Wanangu, sukumeni," akasema kwa ile sauti ya uwanjani. "Mimi hapa leo hanishushi mtu."